Bima ya Gari Imepandishwa? Dai Hesabu Kwanza

Wadogo zangu, mwezi huu wenye magari ndio wamenijazia barua. Mmoja wa Lanet analalamika kwamba amelipia bima kubwa miaka yote bila kudai chochote, si kioo, si bampa, na bado notisi ya kulipia upya imemjia na elfu kumi juu. Wakala kamwambia, "Bei zimepanda, dada, ni kila mahali." Sasa anataka kuhama kampuni leo hii.

Tulia, dadangu. "Ni kila mahali" si jibu. Ukiingia ofisini kwao na hasira, utapewa kiti na maji ya kunywa, kisha utarudi nyumbani na bei ileile. Ingia na hesabu.

Weka notisi ya mwaka jana kando ya ya mwaka huu. Tuseme mwaka jana gari liliandikwa thamani ya shilingi 1,000,000 ukatozwa asilimia 4, yaani 40,000. Ongeza tozo ya mafunzo, asilimia 0.2, na ya hazina ya kufidia wenye bima, asilimia 0.25, hizo ni 180. Stempu ni 40. Ukalipa 40,220. Mwaka huu wameandika asilimia 5, jumla 50,265. Wengi hung'ang'ana na hiyo tano. Jicho langu mimi liko kwenye ile milioni. Gari limekula vumbi la Njoro na Molo mwaka mzima, na thamani yake haijashuka hata shilingi? Likiharibika kabisa, kampuni itakulipa kwa bei ya soko ya siku hiyo, kwa hiyo unalipia pesa ambazo hutakaa uzione. Omba lithaminiwe upya. Mara nyingi kampuni ndiyo humlipa mthamini, ila uliza kabla hajafungua boneti. Likirudi 850,000, hata kwa hiyo asilimia 5 utalipa 42,500 kabla ya tozo. Umeokoa 7,500 na hujagombana na mtu.

Chunga kitu kimoja tu: kampuni nyingi zina kima cha chini cha malipo. Gari likiwa la bei ndogo, asilimia haina maana tena. Utatozwa kile kima. Waulize ni kiasi gani.

Halafu iandikie kampuni barua au barua pepe. Simu ya wakala haiachi ushahidi. Taka sababu ya asilimia kupanda. Wakikuambia vipuri vimepanda kwa sababu ya dola, wakumbushe kwamba dola ilipita shilingi 160 Januari 2024, na kufikia katikati ya mwaka huohuo ilikuwa imerudi karibu na 130. Bei zilipanda na dola. Mbona hazikushuka nayo? Wakisema madai ni mengi, hapo wana haki kidogo. Sote tunazijua ajali za barabara ya Salgaa, na madai ya uongo nayo yapo tele. Lakini wewe hujadai. Omba punguzo la kutodai, na kama hawalitoi, waseme hivyo kwa maandishi. Katiba, kifungu cha 46, inampa mnunuzi haki ya kupata habari anazohitaji kuhusu huduma anayoilipia.

Tena soma kila mstari wa notisi. Ile kodi ya magari ya asilimia 2.5 iliyotushtua mwaka 2024 haikuwahi kuwa sheria, kwa hiyo ukiiona humo, ikatae. Mbunge wetu wa Molo, Kimani Kuria, aliyeongoza kamati ya fedha, ndiye aliyetangaza Juni ile kwamba imeondolewa, kabla Mswada wa Fedha wenyewe haujaanguka.

Kampuni ikinyamaza, peleka malalamiko kwa Mamlaka ya Kudhibiti Bima, IRA, ukiambatisha notisi zote mbili na barua uliyoandika. Huenda wasikupunguzie hata shilingi, lakini kampuni isiyojibu wateja hujibu haraka ikiulizwa na IRA.

Mzozo wowote uwe nao, usiache tarehe ya bima ipite. Kisheria kampuni haikubebi kabla haijapokea pesa, na kuendesha gari bila bima hata ile ndogo ya thadi pati ni kosa. Kwa hiyo anza mapema, wiki kadhaa kabla.

Kuhama? Hama ukitaka, lakini usifuate urahisi peke yake. Waulize waliokuwa na bima ya Xplico au Invesco walivyohangaika na madai zilipoanguka. Taka bei za kampuni tatu hivi, zote kwa thamani moja ya gari, na uulize ajali ikitokea utachangia kiasi gani mwenyewe. Bei nafuu hupenda kujificha hapo. Omba kampuni ya zamani barua ya kuonyesha hujawahi kudai. Na kama gari bado lina mkopo, ongea na benki kabla hujasaini popote, maana jina lao limo kwenye logbuku.