Dondoo Muhimu: Simu za Kujiendesha na Sheria ya Data
Mfanyabiashara wa Likoni, Kisauni au Changamwe, Mombasa, anayetumia simu za kujiendesha, yaani zile ambazo kompyuta huzipiga na kumsikilizisha mteja sauti iliyorekodiwa, hana budi kufahamu kwamba nambari ya mteja ni data binafsi chini ya Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya 2019, na kwamba kuipata nambari hiyo mteja alipolipia, kwa mfano, saruji kwa M-Pesa si ruhusa ya kumtangazia bidhaa. Kinachohitajika ni ridhaa, yaani kibali cha wazi alichokitoa mteja mwenyewe, nacho kihifadhiwe pamoja na tarehe yake, kwa kuwa jukumu la kuthibitisha liko juu ya mfanyabiashara. Kila simu ieleze njia rahisi ya kujiondoa, isiyo na malipo, na anayejiondoa aondolewe kweli, maana hiyo ni haki yake wala si hisani. Orodha za nambari zinazouzwa na madalali zisiguswe kabisa. Mwaka 2023, Kamishna wa Data, anayesimamia sheria hii, aliitoza Mulla Pride, kampuni ya mikopo ya kidijitali, faini ya shilingi 2,975,000 kwa kutumia nambari zilizopatikana kwa watu wengine kutuma ujumbe na kupiga simu za vitisho. Kisheria, faini yaweza kufika shilingi milioni 5 au asilimia 1 ya mauzo ya mwaka uliotangulia, kwa kufuata kiasi kilicho kidogo.