Farumi, Shehena na Metasenta: Hesabu ya Uthabiti wa Chombo kwa Kiswahili

Mtu asafiriye kwa matatu kutoka Kangemi hadi katikati ya jiji la Nairobi huijua kanuni ya uthabiti bila ya kufunzwa. Utingo akishapanga magunia ya viazi juu ya keria, gari huyumba kwenye kona kuliko pale magunia yayo hayo yalipokuwa sakafuni. Chombo cha majini hufuata kanuni hiyo hiyo, ila adhabu yake ni kali zaidi. Tarehe 29 Aprili 1994 feri ya Mtongwe ilipinduka Mombasa, wakafa watu 272; tarehe 21 Mei 1996 MV Bukoba ikapinduka karibu na Mwanza, ikaangamiza mamia. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba hesabu inayohusika yaweza kuelezwa kwa Kiswahili, na kwamba baadhi ya istilahi zake tunazo tangu zamani.

Nguvu mbili huamua hali ya chombo. Uzito huvuta chini kupitia kitovu cha uzito. Maji husukuma juu kupitia kitovu cha kuelea, yaani katikati ya sehemu iliyozama. Chombo kikiinama kidogo, kitovu cha kuelea huhamia upande ulioinama. Mstari wima upitao hapo hukata mstari wa kati wa chombo mahali paitwapo metasenta. Metasenta ikiwa juu ya kitovu cha uzito, chombo hujiinua; ikiwa chini yake, hupinduka.

Tuchukue pantoni ya mstatili yenye urefu wa mita 20 na upana wa mita 8, iliyozama mita 2 katika maji ya ziwa. Uzito wake ni tani 320. Tukipima kutoka chini, kitovu cha kuelea kiko mita 1. Kutoka hapo hadi metasenta ni mraba wa upana ugawanywe kwa kina mara 12, yaani 64 kwa 24: mita 2.67. Metasenta basi iko mita 3.67. Kitovu cha uzito kikiwa mita 2.5, nafasi iliyopo kati yao ni mita 1.17.

Sasa abiria 400 wa kilo 75 kila mmoja, jumla tani 30, wapande sitaha ya juu, mita 3 kutoka walipokuwa. Kitovu cha uzito hupanda kwa 30 × 3 ÷ 320, yaani mita 0.28, na nafasi hubaki mita 0.89. Kisha wote wasogee mita 2 upande mmoja, labda kutazama gati. Tanjenti ya mwinamo ni 60 ÷ (320 × 0.89), yaani 0.21: chombo hulala takriban nyuzi 12. Hakuna abiria aliyeongezeka, wala hakuna wimbi.

Mabaharia wa majahazi waliweka farumi chini kabisa kwa sababu hiyo hiyo. Walikumba pia maji ya ngama bila kuchoka, kwani maji yasiyozuiliwa hukimbilia upande ulioinama, na athari yake ni sawa na kukipandisha kitovu cha uzito. Neno metasenta nimelitohoa makusudi. “Kitovu cha juu” lingemfanya msomaji adhani ni kitovu kingine cha uzito.