Kuchagua programu ya kuchunga telefone ya mtoto



Kila siku kabla ya kazi mnakumbushwa kuvaa kofia, viatu na kinga ya masikio. Leo somo letu linahusu chombo kisichotoka katika stoo ya kampuni, lakini kiko nyumbani mwenu usiku mnapokuwa kazini: telefone ya mtoto. Baba yuko kazi ya usiku, mama amelala kwa uchovu, na mtoto wa miaka 12 anaandikiana na mtu asiyemjua. Ni nani anayemchunga saa ile?

Wazazi wengi wanatafuta programu ya kuwasaidia. Ni jambo zuri. Lakini programu hizo si sawa zote, na nyingine zinaleta hatari ndani ya nyumba.

HATARI ZENYEWE

Mtu mzima anaweza kujifanya mtoto, akaomba picha za mwili, kisha akatisha kuzitangaza. Mtoto anaweza kukuta picha za uchafu ao za ukatili bila kuzitafuta. Mwizi anaweza kumdanganya ili ataje namba ya siri ya M-Pesa, Airtel Money ao Orange Money ya wazazi. Na iko hatari isiyo na kelele: mtoto anacheza na telefone hadi usiku wa manane, kesho yake anasinzia darasani.

AINA MBILI ZA PROGRAMU

Aina ya kwanza inaweka mipaka. Mfano ni Family Link ya Google, iliyoanza mwaka wa 2017. Hailipiwi. Mzazi anapanga saa za kutumia telefone na saa ya kuifunga usiku. Anakubali ao anakataa programu ambazo mtoto anataka kuingiza. Anaona pia mahali telefone ilipo, kama imewaka na ina mega. Family Link haisomi barua za mtoto wala haisikilizi maneno yake, na mtoto anajua kwamba ipo. Katika iPhone, kazi kama hiyo imo tangu mwaka wa 2018. Kwa Kifaransa inaitwa Temps d'écran. TikTok nayo, tangu mwaka wa 2020, inaruhusu mzazi kuunganisha telefone yake na ya mtoto ili apunguze saa na apange ni nani anayeweza kumwandikia.

Aina ya pili inapeleleza. Inajificha katika telefone, inasoma barua, inachukua picha na kupeleka yote kwa kampuni ya mbali, ambako mzazi anakwenda kuyasoma. Wauzaji wanasema: « Utajua yote. » Lakini fikiri: yale unayoyajua wewe, yamekaa kwanza kwa nani?

YALIYOTOKEA

Mwaka wa 2018, huko Marekani, iligundulika kwamba programu moja ya wazazi, jina lake TeenSafe, iliacha hazina yake wazi, bila namba ya siri. Ndani yake mlikuwa na maneno ya siri ya watoto, yameandikwa waziwazi. Tena programu hiyo iliwadai wazazi wazime ulinzi wa pili wa akaunti ya mtoto ili iweze kufanya kazi. Kwa hiyo aliyeokota neno la siri aliweza kuingia bila kizuizi. Mwaka wa 2024, programu nyingine, mSpy, iliibiwa barua za wateja walioiomba msaada. Anwani zao zilizotoka nje zilipita milioni 2.

Sisi watu wa mgodi tunajua jambo hili. Anayetoa kinga ya mashine ili kazi iende mbio, siku moja atapoteza mkono.

MAMBO MATANO YA KUCHUNGUZA

1. Inatoka wapi? Ichukue katika Play Store ao App Store tu. Usikubali ile inayotumwa kwa WhatsApp ao inayowekwa na fundi wa njiani usiyemjua.

2. Inaomba nini? Programu inayokuambia uzime ulinzi wa telefone, mfano Play Protect, ndipo iingie, iache mara moja.

3. Inajificha? Kama mtoto hawezi kuiona, wewe pia hutajua vizuri inafanya nini humo ndani.

4. Inachukua vitu gani? Saa za kutumia na ruhusa za programu zinatosha kwa watoto wengi. Barua zote na picha zote ni mzigo wa hatari.

5. Inagharimu nini? Nyingi za kupeleleza zinalipwa kwa dola, kila mwezi. Kila programu ya namna hii inakula mega pia. Anza na zile za bure zilizomo tayari: fungua mipangilio ya telefone, tafuta maneno contrôle parental.

KAMA TELEFONE NI MOJA KWA NYUMBA NZIMA

Nyumba nyingi ni hivyo. Hapo usiweke Family Link katika telefone yako mwenyewe ukidhani umemaliza. Kwanza weka namba ya siri ya kufungua telefone. Namba ya siri ya fedha iwe tofauti, wala isiwe mwaka wa kuzaliwa, kwani mtoto anaujua. Telefone nyingi za Android zinaweza kufungiwa katika programu moja tu: mtoto anasoma somo lake, hawezi kwenda kwingine bila wewe.

KUZUNGUMZA KWANZA

Kofia haizuii jiwe kuanguka, inapunguza pigo. Programu nayo ni hivyo. Haioni yale mtoto anayotazama katika telefone ya rafiki yake. Haimwambii mtoto afanye nini mtu mbaya anapomwandikia.

Basi kabla ya kuiweka, kaeni pamoja, baba, mama na mtoto. Mwelezeni ni kwa nini, na mwonyesheni inavyofanya kazi. Mkataba wa Haki za Mtoto, ambao nchi yetu iliuthibitisha mwaka wa 1990, unampa mtoto haki ya kuwa na siri zake pia. Kwa mtoto wa miaka 8, mzazi achague yote. Kwa kijana wa miaka 16, legezeni mipaka kidogo kidogo.

Tena mwambieni neno hili, nalo ni kubwa kuliko programu zote: « Mtu akikutisha kwa picha, uje kwetu. Hatutakupiga. » Mtoto anayeogopa fimbo atamlipa yule mwovu kimyakimya. Akija kwenu, msifute chochote. Chungeni barua zile kama ushahidi, msilipe, nendeni polisi.

MASWALI YA KUJIBU NYUMBANI

— Telefone ya mtoto inalala wapi usiku?
— Ni nani anayejua namba ya siri ya fedha yetu?
— Je, mtoto wetu anajua atamwendea nani akitishwa?

Kama swali la tatu halina jibu, anzeni na hilo jioni hii, kabla ya kutafuta programu yoyote.