Kushuka Kitonga kwa gia

Swali: Nikitoka Iringa kwenda Morogoro na gari la gia za mkono, breki hunuka nikishuka mlima Kitonga. Nifanyeje?

Jibu: Hizo breki zinaungua, na zikizidi kupata moto hazishiki tena. Kabla mteremko haujaanza, punguza mwendo, ingiza gia ya pili au ya tatu, kisha achia klachi kabisa. Ukitoa mguu kwenye mafuta, injini yenyewe italizuia gari. Mwendo ukipanda, kanyaga breki kwa uthabiti mpaka upungue, halafu ziachie zipoe. Usishuke ukiwa fri wala umekanyaga klachi, maana hapo injini haishiki magurudumu. Gia unayopandia mlima ndiyo ya kushukia. Anayekupigia honi nyuma, mwache asubiri.