SOMO LETU: OILI YA INJINI NI ULINZI WA KAZI YETU



Katika mashamba ya chai ya magharibi ya Uganda, majani yaliyochumwa asubuhi hayangoji. Yakilundikana kwa muda mrefu hupata joto, hugeuka rangi na kutoa chai duni. Miwa ya Kakira na Lugazi nayo hupoteza sukari kila inapochelewa kusagwa. Kwa hiyo lori likifa njiani haumii dereva peke yake. Mchumaji anayelipwa kwa kilo huumia, na zamu ya kiwandani huumia. Kisha msimamizi huuliza: "Nani ameua injini?" Tujifunze kulijibu swali hilo mapema.

Kazi ya oili

Oili hulainisha vyuma visisagane. Hupoza sehemu ambazo maji ya rejeta hayafiki, kama beringi za kranki. Husaidia ringi za pistoni kuziba nafasi ndani ya silinda. Tena hubeba masizi, ndiyo sababu oili ya dizeli huwa nyeusi muda mfupi baada ya kubadilishwa. Tusiihukumu kwa weusi peke yake.

Kila asubuhi

Lori lisimame mahali tambarare, injini ikiwa baridi. Tutoe kijiti cha kupimia, tukifute kwa kitambaa safi, tukirudishe mpaka mwisho, kisha tukitoe tena na kusoma. Oili iwe kati ya alama mbili. Tusizidishe, kwa sababu kranki ikiipiga oili hutoa povu, na povu halilainishi. Tuangalie pia dalili hizi:

1. Oili imepanda bila kuongezwa, nayo inanuka dizeli: dizeli inavujia ndani.
2. Oili ina rangi ya chai ya maziwa: maji yameingia, pengine gasketi imekufa.
3. Oili inapungua upesi: tutazame chini ya lori, na moshi kama ni wa bluu.

Kwa dalili ya kwanza na ya pili lori lisitoke kabla fundi hajaliona. Taa ya oili ikiwaka safarini, tusimame mahali salama na kuzima injini mara moja. Dakika chache bila presha ya oili zatosha kuua beringi.

Kumwaga oili

Tufuate kitabu cha mtengenezaji, sehemu ya kazi ngumu. Lori la shamba hupanda vilima na mzigo, hula vumbi, na huunguruma likiwa limesimama kwenye foleni ya mizani. Kilomita hazionyeshi kazi hiyo yote, basi tuhesabu na saa za injini.

Katika alama ya API iliyo kwenye kopo, herufi C ni ya dizeli na S ni ya petroli. Oili imwagwe injini ikiwa ya moto kiasi, ili uchafu utoke nayo. Filta ibadilishwe kila mara: mpira wake upakwe oili safi, nayo ikazwe kwa mkono. Baada ya kujaza, tuwashe bila kukanyaga mafuta mpaka taa izimike. Kisha tuzime, tungoje kidogo, na kupima tena.

Oili chafu hudhuru ngozi, na ikiigusa kwa miaka mingi yaweza kuleta saratani. Tuvae glavu, tunawe kwa sabuni wala si kwa petroli, na tusiimwage mtoni.

Daftari

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Lakini ufa ukionwa na dereva na saruji ikanyimwa na mwajiri, ni nani atakayelipa ukuta? Hapo ndipo daftari hutetea. Tuandike tarehe, kilomita, lita zilizoongezwa, siku ya filta na kila kasoro. Taarifa ya kasoro itolewe kwa maandishi, na nakala ibaki kwa dereva.

Nasi chamani tudai mambo manne: oili na filta sahihi kwa wakati wake, dakika za ukaguzi zihesabiwe kuwa saa za kazi, glavu kwa dereva, utingo na fundi, na mshahara usikatwe kwa injini iliyonoki kabla ya uchunguzi ambao mwakilishi wa wafanyakazi amehudhuria.

Kesho asubuhi, kabla ya kuwasha, tupime na tuandike.