Hamu Hufuata Miguu

Maandiko ya kusoma nyumbani: 1 Wakorintho 9:24-27; Waebrania 12:1-3

Somo la wiki hii ni la mwili. Mchungaji wetu ameniruhusu kulileta hapa kwa sababu limekuwa gumzo kila Jumapili baada ya ibada. Ni habari ya kundi letu la mbio.

Mnakumbuka mwezi wa Januari, tulipomaliza kufunga na kuomba, watu 23 walijiandikisha. Raba zilinunuliwa Gikomba, zingine nzuri kuliko viatu vya harusi. Ndugu mmoja alikuja na saa ya kupima mapigo ya moyo na chupa ya maji ya lita mbili, kana kwamba tunaenda Turkana. Kufikia mwisho wa Februari tulikuwa tumebaki 9. Wale 14 hawakuumia, wala hawakuhama mtaa. Ukiwauliza wanakupa jibu moja: "Pasta, hamu iliisha tu."

Hilo jibu nataka tulitazame polepole, maana kuna wenzetu ambao kwao mbio si mchezo wa kujifurahisha. Kuna mama mmoja wa kwaya, umri wake ni miaka 54. Kliniki ilimwambia presha imepanda na sukari inakaribia mpaka, na kwamba pamoja na dawa anahitaji mazoezi ya kila wiki. Nyumbani ana wajukuu wawili anaowalea, na mkubwa yuko darasa la pili. Huyo mama akingoja hamu irudi, ni nani atawalea hao watoto?

Nilisomea biashara kabla ya kuingia katika huduma, kwa hivyo mnivumilie nikitumia mfano wa sokoni. Kila mtu hapa ana mama mboga wake. Yule wangu huamka usiku wa manane, anapanda matatu ya kwanza kwenda Marikiti, na jua likichomoza nyanya ziko mezani zimepangwa mafungu. Sijawahi kumsikia akisema, "Leo sifungui kibanda, sina hamu ya sukuma wiki." Anafungua. Wateja wanakuja kwa sababu wamekuta kibanda kiko wazi, na pesa ya kwanza ikiingia ndipo unamsikia anaanza kuimba.

Mkimbiaji anayeanza anataka aimbe kwanza, ndipo afungue. Anaamka, anajipima moyoni kama anajisikia, na kwa sababu ni saa kumi na moja alfajiri na blanketi ni jipya, hajisikii. Sasa huyo anangoja kitu ambacho kwa kawaida hupatikana dakika kumi baada ya kutoka mlangoni. Mwili ukishapata joto na pumzi ikitulia, mtu huyo huyo aliyekuwa akinung'unika anaanza kuchangamka. Hata wakimbiaji wa miaka mingi watakuambia dakika za kwanza huwa nzito.

Lakini tuseme ukweli, wengi wetu hamu haikwisha yenyewe. Tuliiua kwa kasi. Mtu hajakimbia tangu kidato cha nne, na siku ya kwanza anaondoka kama anafukuzia matatu ya mwisho. Unapoanza kukimbia, misuli inadai hewa papo hapo, lakini moyo na mapafu yanahitaji dakika chache kufikia kiwango hicho. Ukianza kwa kasi, unakuwa kama mtu anayekopa kwa simu leo ili alipe mkopo wa jana. Dakika ya tatu umeinama, mikono magotini, na akili imeshaandika kwamba mbio ni mateso. Ni nani ana hamu ya kurudia mateso siku ya Alhamisi? Tukumbuke pia kwamba Nairobi iko juu, karibu mita 1,700 kutoka usawa wa bahari. Wewe uliyehamia hapa juzi kutoka Mombasa, ukihema kuliko wenzako usijilaumu. Mwili utazoea.

Kipimo chetu ni rahisi na hakihitaji saa ya bei. Ukiwa unakimbia, uweze kusema sentensi nzima. Katika kundi tunatumia mstari wa kukariri wa wiki. Ukishindwa kuumaliza bila kuhema katikati ya kila neno, punguza mwendo. Ukiweza kuimba ubeti mzima, basi ongeza kidogo.

Najua Mkenya akiambiwa akimbie polepole anaona ametukanwa. Sisi ni nchi ya Kipchoge! Ndiyo, Eliud Kipchoge alikimbia kilomita 42.195 kwa saa 1, dakika 59 na sekunde 40 kule Vienna tarehe 12 Oktoba 2019. Lakini wageni wanaotembelea Iten na Kaptagat hushangazwa na jambo moja: siku za mazoezi mepesi mabingwa huanza polepole sana, karibu kama watu wanaotembea. Kasi wanayo, ila wanajua siku ya kuitoa. Kama bingwa wa dunia ana siku za polepole, wewe na mimi wa mtaa huu tuna haraka gani?

Programu tunayofuata haikutoka kwetu. Mwaka 1996 Mmarekani mmoja, Josh Clark, aliitunga akimfikiria mama yake, aliyetaka kumsaidia aanze kukimbia. Inaitwa Couch to 5K, yaani mtu atoke kochini hadi kilomita 5. Ni wiki 9, siku tatu kwa wiki, na kati ya siku hizo kuna siku za kupumzika. Wiki ya kwanza unatembea kwa haraka dakika 5, halafu unakimbia sekunde 60 na kutembea sekunde 90, unarudia hivyo kwa dakika 20. Basi, umemaliza, nenda ukaoge. Wiki ya pili unakimbia sekunde 90 na kutembea dakika 2. Hivyo hivyo hadi mwisho ambapo unakimbia dakika 30 bila kusimama. Wiki ikikulemea, irudie. Hakuna mtihani wa taifa hapa.

Kutembea kuna aibu yake, nakubali. Vijana wa bodaboda pale stejini wanajua kutuchoma: "Kipchoge, mbona umesimama?" Mama yetu wa kwaya alipoulizwa hivyo aliwajibu, "Nimesimama nikuombee." Siku hizi wanamsalimia.

Tena kuna mtego wa wiki ya nne au ya tano, ambao nauogopa kuliko uvivu. Pumzi huimarika mapema, ndani ya wiki chache tu. Lakini kano na mifupa hujengeka taratibu, kwa miezi. Kwa hivyo kuna wakati kifua kinasema "twende" na muundi unasema "bado". Ndugu zetu wawili waliongeza kilomita ghafla wakati huo, wakakaa nje wiki tatu wakipaka dawa ya maumivu. Mwili ukikuletea maumivu yanayozidi kila unapokanyaga, pumzika. Ukisikia kifua kinabana au kizunguzungu, simama na uende hospitali, usiseme utaombewa Jumapili. Na wewe mwenye presha, kisukari au tatizo la moyo, pita kliniki kabla ya kuanza.

Sasa nirudi kwa wale 14, kwa sababu nimezungumza na karibu wote, mmoja mmoja. Hakuna aliyeamua kuacha. Mmoja alikwenda mazishi Kakamega, akakaa huko wiki nzima. Mwingine ni shule zilipofunguliwa, mambo ya karo. Dada mmoja alibadilishiwa zamu kazini. Walikosa siku mbili, tatu, halafu kurudi kukawa kugumu. "Pasta, nitawaambia nini? Wenzangu wamefika wiki ya sita." Nilipofika nyumba ya tano nikaona huu ni ugonjwa ninaoujua. Mtu akikosa kanisa Jumapili mbili, ya tatu anaona haya kuingia. Ya nne anapita njia ya nyuma asikutane na mzee wa kanisa. Baada ya miezi miwili tunasema amerudi nyuma kiroho, kumbe alikuwa anaona aibu ya mlangoni tu.

Mwaka 2009 watafiti wa chuo kikuu cha University College London walitoa utafiti wao. Waliwafuatilia watu 96, kila mmoja akijaribu kujenga tabia moja mpya ya kila siku. Kwa wastani ilichukua siku 66 kabla tabia ile haijawa kitu cha kufanya bila kujisukuma. Lakini kati ya mtu na mtu tofauti ilikuwa kubwa, kuanzia siku 18 hadi 254. Na waligundua kwamba kukosa siku moja hakukuharibu kazi iliyokwisha kufanywa. Kwangu mimi hiyo ni habari njema ndogo. Wewe uliyekosa wiki moja hujaanguka kutoka ghorofani. Uko kwenye ngazi, umekaa, na unaweza kusimama.

Basi tumebadilisha mambo mawili katika kundi. La kwanza ni WhatsApp. Ndugu kadhaa walikuwa wakiweka picha za saa zao kila asubuhi: kilomita 8, dakika ngapi, moto na misuli. Sina ubaya nao, walifurahi. Lakini aliyekimbia sekunde 60 akiona hivyo anafunga simu na kulala. Sasa kila mtu anaandika neno moja tu, "Nimetoka." Aliyekimbia nusu saa na aliyetembea robo saa wanaandika neno lile lile. Na anayerudi baada ya mwezi haulizwi alikuwa wapi. Anaambiwa, "Tuko wiki ya ngapi na wewe?"

La pili ni daftari. Katika biashara kuna namba unazozitawala na namba unazozingojea. Mama mboga hawezi kuamua atauza kiasi gani leo, lakini anaamua atafungua saa ngapi na nyanya zitakuwa safi ama hapana. Kilo zako ni namba ya kungojea. Kasi pia. Wengi walipanda kwenye mizani kila asubuhi, na mizani ikikataa kusonga wiki mbili wanakata tamaa. Siku ulizotoka nyumbani, hiyo ndiyo namba yako. Andika tarehe na weka alama. Kipchoge mwenyewe ameandika mazoezi yake katika madaftari kwa miaka mingi, na si mtu ambaye angesahau.

Mama wa kwaya alinionyesha daftari lake la shilingi chache, lile la mraba la hesabu. Tangu katikati ya Januari hadi katikati ya Aprili kulikuwa na siku 39 za mazoezi. Ametoka siku 31. Tano kati ya nane alizokosa ni mjukuu alipolazwa. Wiki ya nne ameirudia mara tatu, na mbele yake ameandika "tena", "tena". Wiki jana alikimbia dakika 8 bila kusimama, kutoka lango la kanisa hadi kituo cha mafuta, akapumzika kwa kutembea, akakimbia zingine 8 kurudi. Habari za presha yake ni zake na kliniki, sitaziandika hapa. Lakini niliona mkono wake ukitetemeka akiweka ile alama.

Mzee mmoja aliniletea 1 Timotheo 4:8, pale Paulo anaposema mazoezi ya mwili yana faida kidogo, akitaka tuache mambo ya kidunia. Nilimjibu kama mtu wa hesabu: mzee wangu, kidogo si sifuri. Paulo mwenyewe aliishi Korintho mwaka mmoja na nusu, na karibu na mji huo palikuwa na michezo ya Isthmia kila baada ya miaka miwili. Wasomaji wake walijua mkimbiaji anavyojinyima kwa ajili ya taji la majani, ndiyo maana aliwaandikia hivyo. Na ukisoma Waebrania 12 tazama mwandishi anataka mbio zipigwe kwa nini. Anataja subira. Kasi hakuitaja kabisa.

Mambo ya nyumbani ni machache. Panga nguo na raba kitandani kabla ya kulala. Chagua mtu mmoja wa kukungoja, kwa sababu ni rahisi kuidanganya nafsi yako kuliko kumwacha dada yako amesimama gizani. Akina mama na wasichana, msitoke peke yenu kabla ya mapambazuko. Barabarani kimbieni mkiyakabili magari, na vidude vya masikio viacheni nyumbani. Mvua hii ya Aprili ikizidi, tunapanda na kushuka ngazi za jengo la shule ya Jumapili, dakika zile zile.

Jumanne hii tunaanza kundi jipya kutoka wiki ya kwanza. Wale 14, nimeandika majina yenu tayari, msihangaike kujiandikisha. Tukutane langoni saa kumi na moja na nusu alfajiri. Mama wa kwaya ndiye atakayeshika saa na kuhesabu zile sekunde 60, na ameniambia hatamruhusu mtu yeyote kukimbia ya 61.