Kwa Nini Gesi ya Mtwara Haijazi Mtungi wa Kasulu

Mtumiaji wa gesi ya kupikia mjini Kibondo au Kasulu ana haki ya kuuliza: ikiwa gesi asilia iligunduliwa Songo Songo mwaka 1974, na Mnazi Bay, Mtwara, mwaka 1982, kwa nini mtungi wangu bado una gesi iliyoletwa kwa meli kutoka ng'ambo? Katika somo hili tunaeleza sababu, kisha tunaonesha jinsi jibu hilo linavyogusa fedha unayoitoa dukani.

Gesi mbili tofauti

Gesi asilia ni mchanganyiko. Sehemu kubwa ni methani. Pamoja nayo huweza kuwapo ethani, propani na butani. Gesi ya mtungi ni propani na butani, ambazo zikigandamizwa kiasi hugeuka kimiminika hata katika joto la kawaida. Ndiyo sababu mtungi ukitikiswa husikika kama una maji ndani. Methani ni ngumu zaidi: bila kugandamizwa, hugeuka kimiminika ikipozwa hadi takriban nyuzi 161 chini ya sifuri, ilhali propani huhitaji nyuzi 42 tu chini ya sifuri.

Kiwanda hutenganishaje?

Kiwanda cha kutenga propani husanifiwa juu ya tofauti hiyo. Kwanza gesi hukaushwa, ili maji yaliyomo yasigande na kuziba mabomba. Kisha hupozwa sana, mara nyingi kwa kuiacha itanuke ghafla ndani ya mashine inayozunguka, kwa kuwa gesi inayotanuka hivyo hupoa. Propani na butani hutengana kama kimiminika. Methani huendelea na safari ikiwa gesi. Kimiminika hicho hupashwa joto katika minara mirefu: ethani hutoka kwanza, kisha propani, na butani hufuata.

Kabla ya yote hayo, msanifu huuliza: katika kila sehemu 100 za gesi inayoingia, propani ni ngapi? Qatar na Algeria zina gesi yenye propani ya kutosha, nazo huiuza nje. Gesi ya Songo Songo na Mnazi Bay ni kavu: takriban sehemu 97 kati ya 100 ni methani. Sehemu chache zilizosalia hugawanywa kati ya ethani, propani na gesi nyingine. Propani hiyo ni kidogo mno kulipia mitambo ya kuitenga. Kwa hiyo mitambo ya Songo Songo na Madimba husafisha na kukausha gesi, kisha gesi husafirishwa kwa bomba hadi Dar es Salaam, ambako hutumika zaidi kuzalisha umeme na kuendesha viwanda.

Maana yake kwako

Gesi ya mtungi wako huteremshwa bandarini Dar es Salaam au Tanga, kisha husafiri kwa barabara zaidi ya kilomita 1,000 hadi nyanda za juu za Kigoma. Gharama ya safari hiyo imo ndani ya bei unayolipa. Kila kilo inayopungua ni fedha uliyolipia safari na gesi usiyoipata.

Kwa hiyo, kabla ya kulipa:

1. Hakikisha lakiri ya mtungi haijavunjwa.
2. Soma uzito wa mtungi mtupu, ulioandikwa kwenye mtungi wenyewe.
3. Mwombe muuzaji aupime mtungi mbele yako. Muuzaji anatakiwa kuwa na mizani.
4. Toa uzito wa mtungi mtupu katika uzito uliosomwa. Jibu ndilo gesi unayoinunua.
5. Dai risiti, uitunze.

Mfano: umenunua mtungi wa kilo 15. Mtungi mtupu una kilo 16.5, hivyo mizani isome kilo 31.5. Ikisoma 29.5, zimepungua kilo 2. Usiupokee mtungi huo. Muuzaji akikataa kuubadilisha, au akikataa kupima, toa taarifa EWURA. Shaka ikiwa juu ya mizani yenyewe, iarifu Wakala wa Vipimo.

Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Kwa mnunuzi wa gesi, daftari ni mizani.